Farasi Mweupe wa Hagmatana

Shamba la mizabibu,
Chini ya mji wa Hagmatana,
Mwezi wa Mihr. Mwaka usiniulize, maana hapa kila mfalme ana hesabu yake.

Mpendwa Kaka Spandatak,

Pokea salamu zangu nyingi. Hujambo wewe? Wifi Roshnak naye, goti lake linaendeleaje kwa baridi ya huko Nisa? Sisi tunapumua. Mizabibu ilizaa vizuri, ila nusu ya zabibu wamezila askari.

Najua umesikia kwamba tangu mfalme mkubwa afariki, wanawe wawili wanagombea kiti. Wewe umesikia kwa mbali, sisi tumekanyagwa. Kwanza aliingia Mihrasp, yule mkubwa, tukaambiwa tujipange njiani tushangilie, tukashangilia. Koo hazijatupona, akaja Varaz, mdogo wake, akamfukuza, tukaambiwa tushangilie upya. Jirani yangu akamwuliza askari mmoja, "Baba, huyu ndiye, au tumngoje wa kesho?" Alipigwa kofi, na swali lake hadi leo halijajibiwa.

Sasa njoo nyumbani kwangu. Shemeji yako Frabakht, kama mkuu wa mazizi ya ikulu, alikuwa amekwisha kuapa utii kwa Mihrasp. Mwanao Wahumihr, kwa kuwa wewe mwenyewe ulimwagiza, alikuja na wapiga upinde wa Varaz. Wote wawili walikula kwangu, kila mmoja akitazama ukuta wake. "Shangazi, mwambie mzee anisogezee chumvi." "Dinak, mwambie huyo mwasi chumvi iko mbele ya pua yake." Nami katikati, tarishi wa chumvi.

Varaz alipotaka kutawazwa akamwulizia farasi mweupe, maana asiyempanda huyo, wakuu wa koo hawamvishi taji. Zizi likakutwa tupu. Frabakht alikuwa amemficha amngojee Mihrasp arudi. Alipoulizwa akasema yeye aliapa mara moja na inamtosha. Wakamtia minyororo. Nikaenda kumsihi aseme, akanijibu, "Nenda ukapike." Mtu amefungwa miguu na mikono, bado ananituma jikoni.

Wakamgeukia Wahumihr, kwa kuwa alikuwa akilala kwetu. Na mtoto alijua, Kaka. Farasi alikuwa hapa shambani, kwenye banda la kukamulia zabibu, na nilipougua ni yeye aliyekuwa akimpelekea shayiri. Angesema neno moja angepewa kikosi chake. Akamwambia jemadari wa Varaz, "Nilikuja kupigana na askari wa Mihrasp. Sikuja kumuuza mume wa shangazi yangu." Jemadari akaamuru wote wawili wakatwe masikio kesho yake, mbele ya lango la mji.

Hapo nilichoka, Kaka, nikawachoka wote, wafalme na wanaume wangu pia. Kulipopambazuka nikamtoa yule farasi bandani, nikamvuta kwa kamba hadi langoni, watu wakinitazama kama mwehu. Nikamwambia jemadari, "Huyu hapa. Mpandeni, mchinjeni, shauri yenu. Nirudishieni watu wangu na masikio yao."

Jemadari akakuna ndevu. "Mama, ungebaki tu nyumbani," akasema. "Ndugu wamepatana jana jioni."

Ndiyo, wamepatana. Mmoja kachukua mashariki, mwingine magharibi, wamekunywa divai katika kikombe kimoja na kuliliana mabegani. Farasi wangu alichukuliwa mkononi mwangu, Varaz akamtoa zawadi kwa kaka yake, na Mihrasp akampanda akapita mjini. Wanawake waliozika wana wao mwezi uliopita walikuwa wamesimama njiani. Hakuna aliyewaeleza wana wao walifia nini.

Frabakht akafunguliwa, akavishwa joho, sasa anatembea kama yeye ndiye aliyeshinda vita. Wahumihr hakuna aliyemtaka. Varaz anasema alimficha mfalme wake siri. Mihrasp anasema alikuja na adui. Wamemnyang'anya upinde na farasi wake, na leo anachuma zabibu zilizobaki. Frabakht anamwita "mwanangu" siku hizi, na hilo ndilo pato letu pekee katika vita hivi.

Halafu unanitumia ujumbe kwamba ameaibisha ukoo kwa kupokonywa upinde, asikanyage kwako. Kaka yangu, wewe ni mkubwa wangu na nakuheshimu, lakini huo ni upuuzi. Ulitaka awe mtu mwaminifu. Alikuwa mwaminifu, ila kwa watu ambao hawana taji la kumlipa.

Anataka kurudi nyumbani. Hakuniambia, nimemwona akiwauliza wenye misafara ya ngamia njia za milimani zinafunguka lini. Nitamtia njiani theluji ikiyeyuka, na nguo za joto nitamshonea.

Nisalimie wifi Roshnak, mwambie mwanawe ni mzima na masikio yake yapo yote mawili. Msalimie Baba Mdogo Ohrmazdik na binti zake. Frabakht anakusalimu, ingawa hajui ninachokuandikia. Mihr, mlinzi wa wanaotimiza ahadi, awatunze hapo mlipo.

Wahumihr akifika mlangoni kwako, tafadhali usimwulize alikuwa upande wa nani. Mwulize kama amekula.

Mimi dada yako akupendaye hata nikikukasirikia,
Dinak