Nyama Iliyomfunga Kyalo

Mowlem, Nairobi
9 Machi

Kwa Baba mpendwa,

Pokea salamu zangu nyingi. Natumaini kifua kimepoa, na kwamba Mama sasa anatembea bila kushikiliwa. Sisi huku tunapumua tu.

Baba, kesi ya mdogo wangu iliisha Jumanne. Kyalo amefungwa miaka mitatu kwa kupatikana na nyama ya paa. Nilimuuliza karani kuhusu rufaa. Akasema ipo, kwa mwenye wakili.

Kortini Kyalo alieleza mambo ya kwetu. Alisema Babu aliwinda kwa upinde na hakuna aliyemwita mwizi. Kwamba serikali ilipopiga marufuku uwindaji, wewe ulifungwa kwa digidigi mmoja wa kulisha watoto. Akasema tembo wamemaliza mahindi yetu misimu miwili, na ile fomu ya fidia haijajibiwa. Hakimu alimsikiliza kwa upole, kisha akamwambia hayo yote si utetezi.

Sasa nikuambie nililokuficha kwenye simu. Mimi ndiye niliyemtuma. Bei ya mbuzi ilipopanda, wateja wa kibanda changu cha chakula walipungua, nikamwomba aniletee nyama kutoka huko, niwauzie kama mbuzi. Hakutaka. Aliniambia, "Dada, Baba alitukataza." Nikamlilia mpaka akakubali.

Askari wa wanyamapori waliingia akiwa ndiyo kwanza ametua gunia. Mmoja akaniuliza, "Mama, huyu ni nani wako?" Kyalo akanitazama. Nikasema, "Simjui. Ameomba kupumzisha mzigo tu." Akainamisha kichwa, akanyoosha mikono atiwe pingu. Mpaka leo hajanitaja.

Juzi nilienda kumwona. Alichoniomba ni nisikuambie, eti utakufa kwa uchungu. Nimeshindwa kulibeba peke yangu. Nimefikiria kujipeleka polisi, lakini hawatamwachilia, na watoto wake watatu wanakula kwangu. Mbinya, mke wake, hajui lolote. Kila asubuhi ananikatia vitunguu, na kabla hatujafungua kibanda ananishukuru kwa kuwapokea.

Sikuombi unisamehe. Msalimie Mama, na barua hii ukimsomea, ishia pale kwa hakimu.

Ni mimi binti yako,
Ndinda