Upande Wangu kwa Bibi Robi

Tarime,
Jumapili mchana

Mama yangu,

Shikamoo. Unaamkaje siku hizi? Kaka aliniambia kifua kimekuachia na kahawa mmeanza kuchuma, nikamshukuru Mungu. Mimi mwili ni mzima. Nimeamua kuandika kwa sababu mambo haya kwenye simu nayashindwa. Kila nikipiga unaniuliza kuna nini, nami nasema hakuna kitu.

Unamkumbuka Bibi Robi, mama mwenye nyumba wangu, yule mjane uliyeongea naye siku ile kwenye simu mkaishia kucheka tu. Miaka minne nilikaa chumba chake cha nyuma, tukipika jiko moja. Mwaka jana mwanaye Marwa, anayefanya kazi Mwanza, alikuja kumchukua ili nyumba ifungwe. Alisema mama amezeeka, na mpangaji wa chumba kimoja ni mtu wa kuhama wakati wowote. Bibi akakataa kabisa. "Nimezika mume wangu hapa. Huko Mwanza nitakuwa nafanya nini, naangalia magari?"

Walibishana siku mbili. Mwisho wakakubaliana aongeze upande wa pili kwenye nyumba, wenye mlango wake, jiko lake na choo chake, akae mtu wa kudumu atakayekuwa anamwangalia. Bibi akanigeukia hapo hapo. "Mwalimu, huyo mtu ni wewe. Utakaa?"

Nikasema nitakaa.

Basi akamwita fundi Mwita, wakachimba msingi bila kuuliza mtu. Tofali zilipofika mstari wa tatu, akaja bwana mmoja wa ofisi ya mji akapiga X nyekundu ukutani. Bibi akatoka na fimbo yake.

"Unaniandikia kwangu? Hiki kiwanja ni cha mume wangu, hati ninayo!"

"Shikamoo, mama," yule bwana akasema taratibu. "Kiwanja ni chako, hakuna anayekataa. Lakini ramani tuliyo nayo ni ya familia moja. Ukiweka jiko la pili na mlango wa pili, hizo ni familia mbili. Shimo la choo litatosha? Na moto ukishika upande mmoja, hawa wengine watapona?"

Bibi akaishusha fimbo. Kesho yake nilimsindikiza ofisini, na tukarudi tena na tena. Kijana mchora ramani alipopima akakuta msingi umeusogelea sana mpaka wa jirani. "Bomoa basi, mura," Bibi akamwambia Mwita (mura ni kijana kwa lugha yao), kisha akaingia ndani asione. Lakini kibali kilipotoka, Mama, ungemwona! Alikitia kwenye mfuko wa nailoni akawaonyesha majirani, hata mama anayetuletea maziwa, ambaye hajui kusoma.

Jambo moja tu hakulipenda. Ukuta wa katikati ulitakiwa ufike mpaka kwenye bati, bila uwazi. Yeye alitaka mlango mdogo wa kupitia. Mchora ramani akamwambia kibali ni cha makazi mawili, na ule ukuta ndio utakaouzuia moto. Bibi akaniuliza mimi, siyo yeye, "Sasa tutakuwa tunasalimiana wapi?" Nikamwambia nje, Bibi. Kwani nje ni mbali?

Mama, sasa nafika kwenye jambo nililokuficha. Mwita alipokuwa anapaua, barua yangu ya uhamisho ilitoka. Kuja huko nyumbani Mbinga, shule ile iliyo jirani na kanisa letu. Ndiyo uhamisho ule ule uliouombea kila Jumapili. Niliikalia wiki mbili, nikaiweka katikati ya madaftari ya wanafunzi kama kitu nilichoiba. Kisha nikaandika kwamba siendi. Nilijiambia ni kwa sababu nilimpa Bibi neno langu, na kweli nilimpa. Lakini wewe sikudanganyi. Nina miaka thelathini na nane na sijawahi kuwa na mlango ambao ni wangu peke yangu. Niliutamani ule mlango. Nafasi ile amepewa mwalimu mwingine.

Nilihamia upande wangu mvua zilipoanza. Ni pazuri, pana dirisha linalotazama milima, na sakafu haina vumbi. Jioni ya kwanza nilisonga ugali wa mtu mmoja nikashindwa kuumaliza. Mwanzoni Bibi alikuwa anazunguka na bakuli la maziwa ya mgando. Tope lilipozidi nikamkataza asitoke, asije akateleza.

Akaangukia ndani. Ilikuwa asubuhi na mapema, wakati anachemsha chai. Mimi nilijiandaa, nikafunga mlango wangu, nikapita mbele ya wake, nikawaza bado amelala, nikaenda kazini. Saa tisa nilipotoka shule nilikuta mlango wake haujafunguliwa. Nikausukuma, nikamkuta kwenye sakafu ya jiko, nyonga imevunjika, kanga imelowa. Aliniangalia akasema, "Nilikuita, mwalimu." Hakunilaumu. Alikuwa ananipa habari tu. Na mimi, Mama, sikusikia chochote. Ukuta ule umejengwa vizuri mno.

Marwa alikuja na gari akampeleka hospitali Mwanza. Hakunisema vibaya hata neno moja, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi. Sasa huu ni mwezi wa pili tangu aondoke. Ninakaa upande wangu wa nyuma, na wa Bibi mbele umefungwa. Nikirudi shuleni nawasha redio kabla sijavua viatu. Watu wa hapa ni wema, wananisalimu, lakini wakianza Kikurya chao mimi nabaki natabasamu tu.

Jana Bibi alinipigia. Sauti imepungua, ila amri ni zile zile. Aliuliza kuku, akauliza kama Mwita ameziba ile nafasi kwenye bati inayopitisha mvua. Kisha akasema, "Upande wangu usimpe mpangaji. Mlete mama yako akae pale mpaka nirudi." Nikamwambia Mama hajawahi kuvuka Songea. Akasema, "Na wewe ulikuwa umevuka?"

Sijui kama atarudi. Daktari hasemi. Lakini funguo za upande wake anazo jirani yetu na ameambiwa anipe. Mama, nisamehe kwa ile barua ya uhamisho. Na kama moyo wako utakubali, kahawa ikiisha Kaka akupandishe basi. Nitakupokea stendi mwenyewe. Huku asubuhi kuna baridi kama ya kwetu, hutateseka.

Mfikishie Kaka salamu, na shemeji anayekuangalia. Mama mdogo mwambie kitambaa alichonipa nimekishona. Babu mzee wa kanisa mwambie aniombee, lakini usimwambie kwa nini.

Nangoja neno lako.

Mwanao,
Anitha