Pembe Ulizokataa Kukata

Baba uliyezoea kupingwa nami,

Leo sikuandikii ili nikupinge. Nimechoka mno.

Unakumbuka makala yangu kuhusu lugha ya nguvu katika Maandiko ya Waebrania? Niliandika kwamba mwamba, ngome na pembe ni maneno ya wafalme na majeshi, na kwamba anayemsifu Mungu mwenye pembe asishangae viongozi wake wakimpiga pembe. Wachungaji watatu wa Eldoret walinijibu gazetini. Niliwararua wote. Kisha nikaja Kaptagat kukusomea ushindi wangu, nikakukuta zizini na ndoo ya maziwa mkononi.

Ulisikiliza hadi mwisho, ukauliza, "Wewe ulizaliwa wapi?"

"Hapa, Mzee."

"Haiwezekani. Mtoto wa hapa hawezi kuandika upuuzi kama huu juu ya pembe."

Ukanionyesha yule ng'ombe mwekundu, wa pekee uliyekataa akatwe pembe hata daktari wa mifugo alipokukasirikia. Mbwa wa jirani walipomvamia ndama wake wa siku mbili, hakuwafukuza hata hatua moja. Aliinamisha kichwa, akasimama juu ya ndama tangu asubuhi hadi ulipofika.

"Pembe si ya kwenda kutafuta watu," ukasema. "Ni ya kukataa kutoka. Andika hiyo, kama gazeti lako lina nafasi."

Sikuiandika. Nilikuwa na vitabu vinne juu ya ushairi wa Kiebrania, na sidhani hata kimoja kiliandikwa na mtu aliyewahi kukamua.

Tulipoingia nyumbani nilianza tena. Mama alikuwa ameshapooza upande mmoja. Nikakueleza kwamba neno la Kiebrania tunalolisoma "fadhili" lina agano ndani yake, kwamba ni upendo unaobaki hata utamu ukiisha. Ulikuwa umepiga magoti ukimkata Mama kucha za miguu.

"Nipe hicho kitambaa," ukaniambia.

Mama akacheka kwa nusu ya mdomo. "Huyu anaongea kama redio."

"Redio huzimwa," ukajibu.

Tangu tukuzike, Mama yuko kwangu Elgon View. Namgeuza kitandani asipate vidonda, na mgongo wangu umekwisha. Kila asubuhi anauliza uko wapi. Kila asubuhi namwambia, naye analia upya, kana kwamba umekufa sasa hivi. Jana nilimfokea: "Amekufa, Mama! Nikwambie mara ngapi?" Hakulia. Aliniangalia, kisha akanyoosha mkono wake mzima akanipangusa uso.

Kiprono, kifungua mimba wako, amepata nyumba ya kutunzia wazee huko Nairobi. Hana ubaya. Maneno yake yana akili, na miaka iliyopita ningeyaandika mimi. Alipiga simu leo mchana akitaka jibu. Nilitafuta hoja, Baba. Mimi! Nilikuwa nimeshika beseni, maji ya kumwogesha yanapoa.

"Haendi," nikasema.

"Kwa sababu gani?"

"Haendi, Kiprono."

Usinionee fahari. Sijui kama mwaka utaisha nikiwa bado nasema hivyo. Najua tu kwamba kesho atauliza tena uko wapi. Nitaketi kwanza kando yake, ndipo nimjibu.

Pumzika, Mzee. Zamu ni yangu.

Bintiyo mbishi