Walinificha Kifo cha Mama Nikiwa Durban

Mama Rehma, wewe ambaye tunakusoma gazetini kila Jumamosi hapa Kaloleni, Kisumu, nakuandikia nikiwa nimechoka kabisa, na jina langu tafadhali usilitoe.

Mimi ni nesi. Tangu Januari mwaka huu nilikuwa Durban, Afrika Kusini, kwa mpango wa kubadilishana wauguzi, wao wakaleta mmoja kwetu na hospitali yetu ikanitoa mimi, mume wangu Enos akakubali nikamwacha na watoto. Nilikuwa huko wakati wa ule uchaguzi wa Aprili, ule ambao watu weusi walipiga kura mara ya kwanza, na siku iliyotengewa wagonjwa na wazee wapige kura tuliwasukuma kwa viti vya magurudumu mpaka kwenye sanduku, mwingine ana dripu mkononi, bibi mmoja akanishika mkono hakutaka kuuachilia hata baada ya kumaliza, na mimi mgeni, kura si yangu, nililia mpaka sista akanituma nikanywe chai. Nilikuwa namwaza mama yangu tu, kule Port Victoria anakoanika omena, dagaa wa ziwani, kwa sababu mwaka wa themanini na nane mama alisimama kwenye kura ya mlolongo nyuma ya mgombea wake, foleni yao ikapita mpaka barabarani, ile ingine ilikuwa na watu wachache na bado ndiyo ikatangazwa imeshinda, na tangu siku hiyo akasema hatasimama tena nyuma ya mtu yeyote. Nikasema haya ya Durban nitampelekea kwa mdomo, barua haitoshi.

Nikarudi Julai. Nyumba ikajaa majirani, nikaongea jioni nzima habari za uchaguzi, nikawaonyesha vile yule bibi alivyokunja karatasi yake, wakacheka, nikasema ngojeni mama asikie, kesho kutwa naenda kwake, na jirani yangu Adero akainuka akasema anaangalia maji jikoni na hakurudi. Sikushtuka, nilikuwa na furaha. Asubuhi Enos akaniketisha kitandani akaniambia mama alikufa Aprili, wiki ileile ya kura, ni presha, wakazika, na wakakubaliana na kaka yangu Joram nisiambiwe kwa sababu niko mbali na niko peke yangu, nikianguka nani ataniinua. Na mimi kila barua nilikuwa nauliza mama yuko aje, na Enos alikuwa anajibu, "Anakusalimia."

Sasa ni Agosti na sijaenda kaburini. Sijalia. Wote walishanyoa nywele za msiba na zikaota, matanga yakaisha, mimi nilie na nani? Joram anasema ati mama mwenyewe, kabla hajafa, ndiye alikataza nisiambiwe. Baba ni mzee, ametuma mtu mara mbili kuniita, nikasema niko kazini. Enos nampikia lakini simwongeleshi. Durban wameandika wananitaka kwa miaka miwili, wanangoja jibu mwisho wa mwezi, na naona heri niende tu, kwa sababu hapa sijui nimwamini nani. Nifanye nini?

Nesi, Kaloleni

*

Nesi, pole. Pole kwa mama, na pole kwa hiyo jioni. Watu walikaa kwako, wakanywa chai yako, wakakuacha ucheke na wanajua. Sitawatetea. Huu mtindo wetu wa kumficha aliye mbali, eti tunamhurumia, enyewe nimeuchoka. Napata barua kama yako za walio Jeddah, za walio London, hata za walio Nairobi hapo. Tunajihurumia sisi wenyewe, maana hakuna anayetaka kuwa yule wa kusema.

Lakini na wewe nikuambie. Tangu Julai uko Kisumu. Ukitoka asubuhi, mchana uko kwenu. Baba yako amefiwa na mke, anakuita mara mbili, unamwambia uko kazini? Hakuna aliyekuzuia, mama. Unaogopa kuona kaburi limeshaota nyasi.

Enos alikosea, hasa kwa hizo salamu za marehemu. Hilo akuombe msamaha kwa mdomo wake, na usimsaidie kulisema. Lakini hasira hii yote si yake. Kama Joram anasema kweli, mama ndiye aliyekataza, na kwa sababu huwezi kugombana naye, Enos ndiye anakula ugali kimya kila jioni.

Unauliza ulie na nani. Joram ndiye aliyekunyima matanga, basi Joram akuitie watu tena. Si lazima achinje ng'ombe. Awaite wale mama waliomwosha mama yako, wakae na wewe, wakueleze alikufaje, alisema nini, nani alimfumba macho. Nenda Jumamosi hii, na Enos na watoto. Ukitaka kunyoa, nyoa. Machozi yasipokuja, kaa nao tu, hakuna anayekupima.

Kuhusu Durban, waandikie uombe muda. Kazi ni nzuri, na ukienda sina neno, watu wanaenda na kurudi. Lakini usiende ukiwa unakimbia. Kabla hujapanda ndege, waketishe Enos na Joram mbele ya baba yako, uwaambie wazi kwamba mtu akiugua au akifa wakupigie simu saa hiyohiyo, na kama ni kuanguka utaanguka. Mzee asikie na akubali, asije naye akakataza. Ukiondoka na hasira yako bila kusema hilo, siku ya huyo mzee ikifika watakuficha tena, na watasema wewe mwenyewe ulikataa kuja alipokuita.