Panga la Mwenye Joho

Mpendwa mshauri, nisaidie, maana kifua kimejaa. Mimi ni mzaliwa wa Mutsamudu kule Anzuani, nikakulia Unguja, nimeolewa hapa Moroni na Combo, fundi seremala, na mwaka jana jirani yetu Chamsoudine alimkata Combo panga mbele ya macho yangu kwa ugomvi wa mpaka wa kiwanja, mkono wa kulia mpaka leo haushiki randa, kila asubuhi mimi ndiye ninayemfungia vifungo vya shati, na hakimu alipomtia hatiani akampa miezi sita kifungo cha nje, eti sheria inamwachia apime mwenyewe, naye amepima kwamba Chamsoudine ni mtu wa heshima aliyekwisha fanya ndoa kuu, ile harusi ya kulisha mji mzima inayompa mtu joho na kiti cha wazee, na hakimu huyohuyo alimfunga Saïndou, mpagazi wa bandarini, miaka mitatu kwa kumpasua mwenzake kichwa kwa chupa! Serikali ya Ali Soilih hapa Komoro imepiga marufuku ndoa kuu, lakini mahakamani bado inamkinga mtu. Sasa mwendesha mashtaka amekata rufaa, nami nimeitwa shahidi, na wazee wa mji wamekuja na mbuzi wakitaka Combo aseme amesamehe na mimi ninyamaze, na Combo amekubali, mshauri, kwa sababu anatumaini marufuku itaondolewa naye afanye ndoa kuu yake, na wazee haohao ndio watakaompokea katika safu yao. Ananiambia, "Wewe mtu wa Anzuani, hujui ada zetu. Ukisema, nakuacha." Nifanye nini?

Zaïnati, Moroni

Pole, Zaïnati. Mumeo simpi pole leo, amenikera.

Hakimu huachiwa nafasi ya kupima kwa sababu makosa hayafanani: mtu ameumia kiasi gani, mpigaji alikusudia au la, amewahi kufanya hivyo kabla, amejuta. Hakuachiwa ili atazame nani anakaa safu ya mbele msikitini! Panga ni panga. Tena anayeheshimiwa na mji mzima ndiye wa kwanza kuuzuia mkono wake.

Combo akitaka kusamehe, asamehe, ni haki yake. Lakini asikuzibe mdomo wewe uliyeona. Nenda ukaeleze jeraha na kazi iliyokufa. Mkumbushe mwendesha mashtaka kesi ya Saïndou, ahoji hadharani tofauti ni nini. Usitukane mtu. Na mbuzi arudishwe leo, nisije nikasikia mmemla.

Combo akitishia tena kukuacha, mwulize: siku wazee watakapomletea joho la ndoa kuu, atalivaa kwa mkono gani? Kisha mfungie vifungo vya shati, mwende mahakamani pamoja.