Mume Niliyempeleka Kuwait

Abla Niimati, mshauri wetu wa gazetini, nisaidie kwani sina wa kumwambia. Mume wangu Sobhi alianguka kutoka ghorofani kazini akafa, na hata arubaini haijafika ndugu zake wakataka chumba chao, basi nikamshika mkono binti yangu Basma tukazunguka mtaa mzima wa Imbaba kutafuta nyumba ya kodi nafuu, na kila mlango swali ni lile lile, "Mumeo yuko wapi?", nikisema amefariki naambiwa, "Mungu amrehemu, lakini mwanamke peke yake hatumpangishi, watu watasema." Mwishowe dalali akaniambia, "Wewe nawe, vua hayo meusi ya msiba, sema mumeo yuko Kuwait anatafuta riziki, nani atakwenda kumwangalia huko?" Nikavua, Abla, na eda sijamaliza, nikavaa gauni la maua nikacheka mbele ya mwenye nyumba, Hajja Inshirahi, akanipa chumba cha juu ya paa, mkataba kwa jina langu, kodi naimudu kwa cherehani yangu.

Basma alikuwa mdogo sana, naye nikamwambia baba yuko Kuwait, asije akaropoka kwenye ngazi. Sasa ana miaka mitano. Hajja humtania, "Babako akija mwambie aniletee tasbihi." Juzi nimeoka vileja vya Idi nikakuta amemfichia baba yake vitatu chini ya mto, akaniuliza, "Mama, nilimkosea nini hata hataki kuja?" Nilijifungia bafuni nikalia. Nikisema kweli tutatolewa, nikinyamaza namuumiza mwanangu. Nifanyeje?

Mama Basma, Imbaba

Mama Basma, pole sana. Kwa milango yote hiyo uliyofungiwa usoni, hata mimi ningempeleka marehemu wangu Kuwait. Aibu ni ya hao wanaomwogopa mjane kuliko mwizi.

Lakini kwa mtoto nakugombeza. Hajja ulimdanganya upate pa kulala. Basma je, mpaka lini? Umeona mwenyewe anavyojitafutia kosa, na bado unaniuliza?

Ijumaa hii oka mikate ya rehema ya kuwagawia maskini makaburini, mpeleke Basma kwenye kaburi la baba yake. Usimwambie baba amelala wala amesafiri tena. Sema amekufa, na alikuwa akimpenda. Alie, nawe ulie, maana hata wewe hukupata kumlilia Sobhi. Mkirudi, shuka kwa Hajja pamoja na mwanamke mtu mzima unayemwamini, umwambie kabla ya majirani. Mkataba una jina lako na kodi unalipa, asikutishe kukutoa kabla haujaisha. Atafoka, vumilia, ana haki ya kufoka. Akikataa kuuendeleza, njoo hapa gazetini tukutafutie kwingine, na safari hii useme ulivyo.

Huenda mkahama, sikufichi. Ila binti yako anaamini baba yake yu hai na hamtaki. Mwondolee hilo kwanza.