Tundu Kwenye Seva ya Makambako

Jumatatu, 8 Juni

Ukungu tangu alfajiri. Njombe yote imezama, hata mnara wa kanisa hauonekani. Ofisini nimewasha hita, nimekunywa chai koti likiwa mwilini, nikafanya kama kila Jumatatu: kusoma taarifa za usalama za mfumo endeshi wa seva zetu. Vifurushi vingi vya programu, vya kawaida. Kimoja kibaya. Kina tundu. Mtu aliye popote duniani anaweza kupita humo akaingia ndani bila nywila.

Kiraka cha kuliziba kimeshatoka. Kazi ni kukiweka na kuwasha seva upya, ya hapa hospitalini na ya kituo chetu cha Makambako. Nimemwomba ruhusa Sista Benigna, msimamizi wetu. Amekataa. Sasisho lililopita lilivuruga mashine ya maabara, wagonjwa wakarudi makwao bila majibu. Tungoje Jumamosi.

Simlaumu. Naogopa tu.

Jumanne, 9 Juni

Ndani ya seva hizo kuna majina ya wanaotumia dawa za kufubaza virusi. Wa Njombe wengi hawachukulii dawa Njombe. Wanakwenda Makambako, wasikojulikana. Wa Makambako wanakuja huku. Wanapishana barabarani, mitandio imeshushwa hadi machoni.

Nawajua kwa sababu na mimi ni mmoja wao. Zamu yangu ya kuchukua dawa ikifika naaga kwamba nakwenda kukagua mitambo. Hakuna anayemuuliza afisa TEHAMA mitambo gani. Mama hajui. Wanajumuiya wenzangu wa kanisani hawajui.

Sijawahi kufungua faili la mtu. Hata langu.

Jumatano, 10 Juni

Nimeota nyumba ya bibi kule Kifanya, katikati ya msitu wa mipaina. Watu wanaingia kimya kimya, wamevaa viatu vyenye udongo, wanabandua picha ukutani moja baada ya nyingine. Nawaita. Sauti yangu inatoka mdomoni kama mvuke, inapotea. Wala hawana haraka. Hicho ndicho kilichonitisha.

Nimefika kazini, nikafungua kumbukumbu za seva ya Makambako. Kuna anayejaribu kuingia. Anakosea, anajaribu tena. Huenda si mtu, ni programu tu inayozurura duniani ikipapasa kila mashine. Kwangu ni mamoja.

Nimeingia kwa Sista bila hodi, kompyuta mkononi. Ametazama kioo chake.

"Wakiingia wataona nini?"

"Majina, Sista."

Amevua miwani, amefumba macho. Nilidhani anasali. "Basi kesho," amesema, "watu wakishaondoka."

Alhamisi, 11 Juni

Seva ya hapa imekubali. Nimeweka kiraka, nimeizima, imerudi. Mashine ya maabara imechapa majibu ya majaribio bila kinyongo. Nimecheka peke yangu kama mwendawazimu.

Kisha Makambako. Nimetuma amri kutoka hapa. Imezima. Haikuwaka.

Nimengoja. Chai imepoa mkononi. Nimempigia Edina, muuguzi wa kule. Anasema kioo ni cheusi, kina maandishi asiyoyaelewa. Na kesho ni siku ya dawa.

Najiona mjinga kupindukia.

Ijumaa, 12 Juni

Makambako jua na upepo. Upepo wa huku hauna adabu, unavua watu mitandio. Benchi limejaa. Edina amesimama mlangoni na pakiti za dawa, anaogopa kumpa mtu dozi isiyo yake. Hakuna anayelalamika. Wanangoja tu, macho chini. Ningependa wangelalamika.

Nimejifungia kwenye chumba cha seva. Sababu ni ya kipuuzi: sehemu ndogo ya diski inayotunza kiini cha mfumo imejaa viini vya zamani vilivyoachwa na masasisho yaliyopita. Kipya kimeingia nusu. Nimeiwasha kwa kiini cha zamani, nikafuta vilivyokaa bure, nikaweka kipya kizima. Nikawasha tena. Mistari myeupe ikaanza kuteremka kwenye kioo, polepole, kama manyunyu dirishani. Nikaifuata kwa kidole.

Imewaka. Nikapitia kumbukumbu zote, mstari kwa mstari. Hakuna aliyeingia. Majina yote yamelala yalipolala. Nimelia kidogo humo ndani, feni za seva zikinifunika sauti.

Nilipotoka, Edina alikuwa ameanza kuita watu kwa namba. Zamu yangu nayo ilikuwa leo. Nikakaa mwisho wa benchi. Upepo ukapiga, mama aliye pembeni yangu akaudaka mtandio wake ukiwa tayari mabegani. Mama Tweve. Mwenyekiti wa jumuiya yetu Njombe, anayetuongoza rozari. Tukatazamana. Hapakuwa na pa kujificha.

"Kamwene, mwanangu." Salamu ya kwetu, kwa sauti ndogo. "Umekuja kutengeneza mitambo?"

Ningeweza kusema ndiyo. Isingekuwa uongo.

"Nimekuja kwa yote mawili, mama."

Amenishika mkono. Tumekaa hivyo, hatuangaliani, hadi namba yake ilipoitwa.

Jumamosi, 13 Juni

Manyunyu. Nimelala mchana kutwa. Sina hamu ya kuandika.

Jumapili, 14 Juni

Sala ya jumuiya kwa akina Mligo. Mama Tweve ameongoza rozari kama kawaida, hakunitazama hata mara moja. Nimeumia. Nikadhani ananikwepa.

Tulipotawanyika nikamsikia nyuma yangu, ananiita nipunguze mwendo. Tumetembea pamoja hadi njia panda, polepole, kama watu wasio na pa kuwahi. Tumezungumza habari za viazi vyake, jinsi baridi ilivyounguza majani upande wa bondeni. Hayo tu.

Njia panda amesimama, amenipa viazi kidogo kutoka kikapuni mwake, ameniweka sawa kola ya koti.

"Zamu ijayo twende wote."

"Haya, mama."

Nimefika nyumbani, nimechemsha viazi alivyonipa. Nimekula vikiwa vya moto.